Aanze na Rika Lake

Nilipotimiza miaka saba, bibi alinishika mkono akanipeleka shule kuandikishwa. Mwalimu aliyekuwa mezani hakuuliza nilizaliwa lini. Hata angeuliza, bibi angemjibu kwamba ni mwaka ule wa mvua kubwa, na hesabu ingeishia hapo. Aliniagiza nipitishe mkono wa kulia juu ya utosi, nishike sikio la kushoto. Nikanyoosha mpaka bega likauma. Vidole vikagota juu kidogo ya sikio. "Bado huyu, mama. Mlete mwakani." Mwakani ulipofika, mjomba alikuwa amepata dau na mimi nilikwishajua kukumba maji. Tukaenda dago, kambi ya wavuvi. Darasa la kwanza niliingia nina miaka tisa, nikawekwa dawati moja na watoto ambao mikono yao ilifika sikioni mapema kuliko wangu.

Simlaumu mwalimu yule. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa haba, na kipimo cha sikio kilitumika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ninachokumbuka ni ile miaka miwili. Hakuna aliyenikataza shule, wala aliyesema huyu hatasoma. Nilichelewa polepole, katikati ya watu walionipenda, na kila mmoja wao alikuwa na sababu nzuri. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaowapenda watoto wenu: ndugu zangu wa Bagamoyo, wa Dunda, Magomeni, Nianjema na Kisutu, wa Kaole na Mlingotini, wa Zinga, Kerege na Mapinga huku njia ya Dar es Salaam, na ninyi wa kaskazini ya Ruvu, Makurunge, Matipwili hadi Saadani. Nataka tuzungumze juu ya mtoto wa kiume wa miaka sita.

Umri wenyewe kwanza, maana umebadilika na wengi hatujapata habari. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamfunga mzazi kumwandikisha mtoto akifika miaka 7. Saba hiyo ndiyo iliyokaa vichwani mwetu. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inasema awali ni miaka 5, darasa la kwanza ni miaka 6. Msingi ni miaka sita badala ya saba, kisha minne ya sekondari, na yote kumi ni ya lazima. Ng'ambo yetu hapo, Unguja na Pemba, waliweka 6 tangu sera yao ya 2006. Kenya ni 6, Uganda ni 6. Ufini mtoto huanza akiwa na 7, na wanasoma vizuri. Uingereza mtoto anapofika 5 lazima awe darasani. Kwa hiyo namba yenyewe si muujiza. Kinachomsaidia mtoto ni kuanza mwaka ule ambao wenzake wanaanza.

Neno letu la jambo hili ni rika. Wataalamu wanaohesabu watoto mashuleni nao wameliazima, wanasema "rika lengwa". Kuna namna mbili za kuhesabu darasa la kwanza. Unaweza kuhesabu vichwa vyote vilivyomo, wa sita, wa nane, hata wa kumi, ukapata idadi ya kupendeza. Au unaweza kuuliza: kati ya watoto wote wa miaka sita waliopo kitongojini, ni wangapi wameingia darasani mwaka huu? Hesabu ya pili ndiyo inayouma. Darasa linaweza kujaa mpaka watoto wakakaa chini, na bado wa miaka sita wakawa wamebaki majumbani.

Tuliliona hilo ada ilipofutwa. Mwaka 2000 nchi ilikuwa na wanafunzi wa msingi takriban milioni 4.4. Ada ikaondolewa, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ukaanza 2002, na ilipofika 2005 walikuwa takriban milioni 7.5. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini wengi wa wale walioingia kwa kishindo walikuwa wameshapita umri, na wale waliopita mno walipitia mlango wao, MEMKWA, ili wasome haraka na kuwafikia wenzao. Wimbi jingine likaja Januari 2016, elimu bila ada ilipofika hadi kidato cha nne. Ada ilikuwa kikwazo kweli, na imeondoka. Zimebaki sare, madaftari na michango midogo midogo. Na kimebaki kitu ambacho hakina bei: kusema "bado mdogo huyu" huku tukimtuma.

Hapa ndipo ninapomtaja mtoto wa kiume. Tumepigania mtoto wa kike asome, na kazi hiyo haijaisha wala sitaki mtu aipunguze. Lakini katika kumlinda dada tumezoea kumwacha kaka ajitafutie. Tunasema mwanamume hapotei. Tunasema atajua mbele ya safari. Mvulana wa miaka sita hapa pwani hachelewi shule kwa sababu hana thamani. Anachelewa kwa sababu ameanza kuwa na faida.

Nendeni pale bandarini, nyuma ya Forodha ya zamani, asubuhi vyombo vinapoingia. Angalieni chini, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Mmoja anashika ndoo. Mwingine anaokota samaki walioanguka kutoka kwenye tenga. Yule anakimbizwa kuleta barafu, huyu amekaa kwenye mchanga anapaa changu kwa kisu kikubwa kuliko mkono wake, na anajua kupaa, magamba yanaruka. Mnada ukiisha anapewa mia tano, siku nyingine buku, na samaki wawili watatu wa kupeleka nyumbani. Mama anapokea kitoweo na kumwombea dua. Mimi niliombewa dua hiyo, najua utamu wake. Mtoto anarudi nyumbani akitembea kama baba.

Sasa Januari inafika, shule zinafunguliwa, na kaskazi imeshika. Ndiyo miezi ambayo wavuvi hufuata samaki na kuhamia dago kwa majuma. Mjomba anaomba kijana wa kusaidia mambo madogo, kupika uji, kulinda chombo. Nani atamnyima ndugu yake? "Mwachie tu, ataanza mwakani." Bara kidogo, Kiwangwa, mwisho wa mwaka ni msimu wa mananasi, na mtoto anayeweza kukaa na fungu kando ya barabara ni msaada. Kwa wafugaji waliotawanyika kwenye mapori ya Chalinze na Makurunge, mvulana wa miaka sita ameshapewa ndama. Wenzetu wa Lesotho wanalijua jambo hili kwa uchungu: kule wavulana wamechungishwa mifugo milimani vizazi na vizazi, hata dada zao wakawatangulia shuleni kwa mbali. Hakuna aliyewachukia wavulana wale. Ng'ombe walihitaji mtu.

Na mwaka mmoja wa kuchelewa hauishii kuwa mmoja. Fanyeni hesabu nami. Aliyeanza na miaka sita atamaliza kidato cha nne na kumi na sita. Aliyeanza na tisa, kumi na tisa. Mimi nilipofika darasa la tano nilikuwa na miaka kumi na mitatu kuelekea kumi na minne, sauti imeanza kukwaruza, magoti hayaingii chini ya dawati. Mwalimu akiniita kusoma nilisimama juu ya wenzangu kama mlingoti. Kukosea neno mbele ya watoto wadogo kuliko wewe ni jambo zito kuliko watu wazima wanavyodhani. Rafiki zangu wa pwani wakati huo walikuwa na mgao wao kamili kwenye chombo, wananunua viatu wenyewe. Kila asubuhi nilipita njia panda, kulia shule, kushoto bahari. Wavulana wengi wenye umri wangu waligeuka kushoto, na wazazi wao walisema mtoto ameikataa shule mwenyewe. Mimi niliendelea kwenda kulia kwa sababu bibi alikuwa akinisindikiza mpaka pale pale njia panda na kusimama mpaka nipotee machoni. Si kila mtoto ana bibi wa namna hiyo.

Kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK za darasa la kwanza na la pili, hukaa vizuri kwa mtoto ambaye bado haoni aibu kukosea. Wa miaka sita anasoma "ba be bi bo bu" kwa kelele na kucheka. Wa tisa anasogeza midomo tu, asisikike.

Watu wa pwani hatuhitaji mgeni atufundishe jambo hili, maana tunalitenda kila siku upande mwingine. Mtoto wetu wa miaka mitano, wakati mwingine wa minne, tunampeleka madrasa. Anakaa kwenye mkeka, anaitika alifu, be, te, na baada ya muda anasoma sura fupi za Juzuu Amma bila kuangalia. Hatumwambii shehe kwamba huyu mdogo, mngoje akue. Hatumpimi sikio. Mtoto akikosa siku mbili, mwalimu wa chuo anatuma mwenzake nyumbani kuulizia. Mji huu ulikuza wanachuoni; Sheikh Ramiya, aliyeletwa hapa mtumwa kutoka upande wa Kongo, alisoma mpaka akawa khalifa wa Qadiriyya anayejulikana pwani nzima, na alipofariki 1931 aliacha mji unaojua thamani ya mtoto aliyekaa chini ya mwalimu. Kichwa kinachoweza kubeba Juzuu Amma asubuhi hakishindwi na herufi "m" mchana.

Vivyo hivyo jando. Wakwere, Wazaramo, Wadoe na Wazigua, sote tunajua kwamba mvulana anaingia na wenzake. Mzazi anauza kuku, anakopa, anafanya kila hila ili mwanawe asibaki nyuma ya rika lake, kwa sababu anajua kijana atakayeingia peke yake baadaye atachekwa maisha. Kama tunaona aibu ya kuachwa jandoni, basi tuione na ya kuachwa darasani.

Najua jibu litakalokuja, maana nalisikia barazani kila ninapolianza neno hili. "Mbona Mwalimu Nyerere alianza mkubwa?" Kweli. Julius Kambarage alizaliwa Butiama 1922, akaingia shule ya Mwisenge pale Musoma 1934, miaka yake kumi na miwili. Na kule Kenya, Januari 2004, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84, dunia nzima ikamshangilia. Nami nawashangilia. Elimu haimfungii mlango mtu mzima. Lakini tusijenge utaratibu wa watoto wetu juu ya miujiza ya watu wawili. Nyerere alipokuwa mtoto, shule zilikuwa za kuhesabika na darasa lilijaa vijana wa rika hilo hilo. Hakuwa peke yake kati ya wadogo. Kama tunataka mfano wa nyumbani, upo karibu zaidi. Pale Msoga, Oktoba 1950, alizaliwa mtoto aliyeingia shule ya kijiji chake 1958, miaka saba, umri wa wenzake. Jakaya Kikwete alitoka Msoga akaenda Lugoba, kisha Kibaha, na safari yake iliyobaki mnaijua. Mwaka 2021 alipewa uenyekiti wa bodi ya Ushirikiano wa Kimataifa kwa ajili ya Elimu. Mtoto wa huku huku kwetu.

Mji wetu una deni la zamani pia. Lile jengo la shule ya Mwambao lilijengwa 1896 na Sewa Haji, tajiri aliyekuwa akiandaa misafara ya bara, naye alitaka watoto wa mataifa yote wasome ndani yake wakati ambapo wengi waliona jambo hilo haliwezekani. Wapagazi walipita mlangoni wakiwa na pembe mabegani. Nikipita pale na kusikia watoto wakiitikia mwalimu, huwa nasimama kidogo.

Kuna mambo ambayo mzazi peke yake hayawezi, na sitamtwisha. Umbali ni mojawapo. Mtoto wa kitongoji cha pembeni huko Wami hawezi kutembea kilometa kadhaa porini, karibu na hifadhi, akiwa na miaka sita. Hapo mama akisema "bado mdogo" anasema kweli. Dawa yake tunaijua, ni shule shikizi: madarasa mawili matatu karibu na kaya, wadogo waanzie hapo, wakipata miguu ndipo waende shule mama. Mwaka 2021, katika fedha za UVIKO-19, yalipangwa madarasa 3,000 ya shule shikizi nchi nzima. Kitongoji ambacho bado hakina, kisinyamaze. Mkutano wa kijiji una kalamu na muhtasari. Andikeni idadi ya watoto wenu wa miaka minne, mitano na sita, mpelekeeni diwani, na mkutano ujao mwulizeni imefikia wapi.

Umaskini nao tusiupambe. Lakini Bagamoyo inajua kwamba msaada mdogo ukiwekewa sharti la shule unazaa. TASAF ilipotaka kujaribu kuwapa kaya maskini fedha taslimu, ilianzia katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Malipo yalianza Januari 2010, kamati za vijiji vyenyewe zikisimamia. Sharti lilikuwa kwamba watoto wa miaka 7 hadi 15 waandikishwe na wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Kaya zile zilianza kuwanunulia watoto viatu. Viatu! Mzazi akipata pa kushika, anamkumbuka mtoto miguuni. Jaribio hilo la kwetu ndilo lililotangulia mpango wa kunusuru kaya maskini ulioenea nchi nzima. Kama uko kwenye mpango, au jirani yako yuko, kumbushaneni kwamba mvulana naye yumo katika sharti lile.

Neno dogo kwa wale wanaokimbilia upande wa pili. Wapo, hasa huku Mapinga na Kerege ambako mji wa Dar es Salaam unatufikia, wanaomsukuma mtoto wa miaka minne na nusu kuingia darasa la kwanza kwa sababu jirani amefanya hivyo. Mwacheni acheze. Awali ipo kwa ajili yake.

Sasa naomba. Kwanza nawaomba wajomba na manahodha, kwa sababu ninyi mnasikilizwa kuliko sisi waandishi. Mtoto wa miaka sita akiletwa chomboni siku ya shule, mrudisheni, na mkimrudisha mpeni samaki wake kama vile amefanya kazi, ili nyumbani wasione hasara. Jumamosi ipo, likizo ipo. Bahari ataijua, hakuna mtoto wa Bagamoyo aliyeshindwa kuijua bahari kwa sababu ya kusoma. Nahodha mmoja akikataa, mwingine ataona haya kukubali.

Mashehe na walimu wa madrasa, mna orodha ya watoto iliyo sahihi kuliko ya ofisi yoyote. Mwezi wa kumi uandikishaji unapofunguliwa, baada ya sala ya Ijumaa watajeni wale waliofika umri. Mapadre na wachungaji, vivyo hivyo Jumapili.

Wenyeviti wa vitongoji, Japani kila mzazi hupata barua kutoka kwa halmashauri ya mahali anapoishi, kabla ya shule kufunguliwa mwezi Aprili, kumjulisha kwamba mwanawe amefika umri na shule yake ni fulani. Sisi barua hizo hatuna, lakini tuna ninyi. Mnajua nani kazaliwa nyumba gani na mwaka gani. Mlikula pilau la arobaini yake. Piteni nyumba hadi nyumba mara moja tu kwa mwaka. Mkikuta mtoto hana cheti cha kuzaliwa, asirudishwe kwa sababu hiyo; mwelekezeni mzazi pa kukipata, na mtoto aendelee kukaa darasani wakati karatasi inatafutwa. Wadogo walio chini ya miaka mitano wasajiliwe sasa hivi kupitia mpango wa RITA, wakala wa usajili, bila malipo, ili zamu yao ikifika pasiwe na la kutafuta.

Na walimu wa darasa la kwanza, ninyi mnaobeba watoto wengi kuliko mikono yenu: akija wa miaka minane au tisa, mpokeeni pia. Mkalisheni nyuma, mahali goti lake linapoingia. Msimwite kusoma kwa sauti mbele ya wadogo wiki ya kwanza. Mimi nilifanyiwa hivyo na mwalimu mmoja wa kike, na nina hakika ndiye aliyenishika.

Wewe mama, au bibi uliyeachiwa mjukuu, una kitu ambacho bibi yangu hakuwa nacho. Kipo ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya kanga kwenye sanduku. Jioni hii, kabla ya kuwasha jiko, itoe ile kadi ya kliniki, isogeze kwenye mwanga, usome tarehe. Kama Januari ijayo atakuwa na miaka sita, mwite akae karibu nawe umwambie kwamba anakwenda shule. Umwambie wewe kwanza, kabla mjomba hajaja kumwomba.